Ndege Ipi Inafanana na Yako?

4 Machi

Kwako Kapteni wangu,

Pokea salamu nyingi, na za mama yako zaidi, maana amenisimamia mlangoni kuhakikisha nimeziandika. Sisi wazima. Goti lake linamsumbua baridi ikiingia, lakini mdomo haujambo kabisa.

Nataka kununua ndege. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Ile kompyuta yako ya chumba cha nyuma imekaa chini ya kitambaa tangu uhamishiwe huko, na mimi kila nikiingia kuchukua majora naigonga kwa kiwiko. Juzi nikamwita yule fundi wa kompyuta anayetazamana na duka langu la ushonaji. Kaifuta vumbi, kaiwasha, na ile programu yako ya kurusha ndege ikafunguka palepale ulipoiachia, kwenye uwanja wetu. Ila ndege iliyomo ni kile kidude ulichokuwa ukikiita baiskeli. Nikamwambia fundi, mume wangu haendeshi baiskeli. Akanijibu kwamba ziko ndege za kuongezea, mtu ananunua mojamoja, na kama ya mume wangu ni ya propela yenye injini kubwa za kisasa, basi nitafute tabopropu. Neno hilo nimelitamka njia nzima lisije likanidondoka.

Amenionyesha tatu. Ya kwanza ina injini moja, inapendeza, unabonyeza kitufe kimoja tu inawaka. Ya pili ina injini mbili, nayo ni rahisi, lakini inanguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Ya tatu, nayo ya injini mbili, hata fundi mwenyewe anaisifia huku anaiogopa. Kila swichi inafanya kazi. Sauti wameirekodi kwenye ndege ya kweli. Na ukikosea injini ikaungua, unaweza kuzima kompyuta ukaenda zako, kesho utaikuta bado imeungua. Nikamuuliza nani ananunua taabu kama hiyo kwa hiari yake. Akasema wapo, mama, tena wengi.

Sasa niambie wewe mwenye kazi yako, ipi inafanana na yako? Sina nia kubwa, ni ili mashine isioze tu.

Na likizo je? Ya kwanza ulisema ndege imeharibika. Ya pili ukasema hakuna wa kukushikia zamu. Mara zote mbili mama amefua mashuka, na mara zote mbili nimeyakunja mwenyewe nikayarudisha kabatini. Silalamiki. Ila nina hamu na wewe mpaka suruali za wateja nazipiga pasi kwa upole usiostahili, na mteja mmoja ameanza kunichekea.

Mimi wako,
Fundi


19 Machi

Fundi wangu,

Barua yako imekuja na ndege ya mizigo, nimeisoma nimesimama. Huyo mteja anayechekacheka mshonee suruali ya kubana, atakoma.

Chukua ile ya injini moja. Inatosha. Hiyo ya tatu itakutoa jasho bure, na wewe una kazi zako za kukutoa jasho. Kurusha ndege kwa ukweli wake hakuna raha kama watu wanavyodhani, ni kukodolea mishale ya vipimo macho mpaka shingo inauma. Ya nini kujitesa?

Huku mambo ni yaleyale. Ndege zinapaa asubuhi, zinarudi jua likiwa limepungua ukali. Vumbi linaingia hata kwenye mswaki. Simu za mkononi huku hazishiki, na za ofisi bado ni zilezile za kupokezana, unasema neno moja na chumba kizima kinalijua, ndiyo maana sipigi.

Likizo nitaiangalia. Sasa hivi ni msimu wa mizigo, siwezi kuahidi. Mwambie mama avae soksi nzito.

Kapteni wako


2 Aprili

Kapteni,

Umeniudhi, na bora nikwambie kuliko nikae nimevimba. Nimekuuliza ipi inafanana na yako, ukanijibu ipi inanitosha mimi. Hayo ni maswali mawili. Ungedhani nimekuomba kazi yako!

Basi nimenunua ya tatu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua. Mimi nimevunja injini. Nilibonyeza stata na kufungua mafuta papo hapo, kama ninavyowasha jiko, mshale wa joto ukaruka juu mpaka ukagonga mwisho wa saa yake, moshi, kelele, halafu kimya. Mama aliyekuwa abiria akauliza, “Tumefika?”

Ndiyo, mama ni abiria. Siku ya kwanza alisikia muziki wa kompyuta ukifunguka, akaja na kiti chake akakiweka nyuma ya changu. Mkoba kaupakata. Nikamwambia mama, hatuendi popote, akasema mtu hasafiri mikono mitupu. Kisha ndege hii, kwa ukorofi wake, inataka uzito wa kila abiria. Nikamuuliza. Akasema, “Andika ule wa zamani.” Nikauliza wa lini. “Wa siku ya harusi yangu.” Nimeuandika, nifanyeje, ni mkwe wangu.

Fundi wa kompyuta anasema kuna sehemu ukibonyeza injini inakuwa mpya mara moja. Nimekataa. Itakaa hivyohivyo imeungua mpaka unieleze nilipokosea, wewe, kwa mkono wako.

Na nisikufiche, habari ya mashine kuoza nilikudanganya. Sina shida na ndege. Nataka kukaa ulipokaa wewe. Nataka nikiwa nakata kitambaa mchana niseme, sasa hivi anaangalia mshale huu, mkono wake uko hapa, jua linampiga upande huu. Mume akiwa seremala, mkewe anajua meza yake. Mimi wangu ameingia kwenye mlango mdogo, ukafungwa, nikabaki na madirisha mawili ya mbele ya kupungia mkono. Ndiyo maana sikutaka ya rahisi. Kwenye ya rahisi ningekaa na nani?

Fundi


15 Aprili

Mke wangu,

Nimekuelewa. Nisamehe kwa ile barua ya mkato. Nimecheka peke yangu hapa kwa ajili ya uzito wa mama, mpaka mlinzi amekuja kuchungulia.

Injini yako imeungua kwa sababu uliilisha kabla haijavuta pumzi. Sikiliza. Kwanza hakikisha betri ina nguvu, mshale wa umeme usiwe umelala. Bonyeza stata, halafu mikono mapajani. Usiguse mafuta! Injini itaanza kuzunguka na kuvuta hewa, utasikia sauti nyembamba inapanda. Angalia saa ya mzunguko. Mshale ukipita alama na kutulia, hapo ndipo unafungua mafuta, na ukishafungua macho yote kwenye joto. Litapanda, litakutisha, kisha litashuka lenyewe. Kama halishuki, kata mafuta bila kujiuliza mara mbili. Moto bila upepo ndio unaoua injini. Propela itaanza kuzunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa, usiihimize. Sasa nenda kabonyeze hapo pa kuifanya mpya, nimekuruhusu.

Kuhusu mama, usimwachie. Abiria wote hudanganya uzito, na wenye mizigo ndio hodari kabisa. Juzi bwana mmoja amekuja kavaa makoti matatu, mifuko yote imejaa misumari, anasema hana mzigo. Nimempandisha kwenye mzani mara mbili, mara ya pili bila makoti. Tulicheka naye mpaka tukawa marafiki.

Umeniuliza ipi inafanana. Nitakupa kipimo, maana hao wauzaji kila mmoja anajisifia. Usiangalie rangi wala vitufe, sikiliza sauti. Ikipaa vizuri, magurudumu yanakunjwa, la kushoto huchelewa kidogo kuliko la kulia. Inainama kuelekea kilimani. Halafu ile sauti inaanza kupungua. Haikatiki, inapungua tu, inakuwa nyembamba kama mtu anayeimba chumba cha tatu, unaikazania sikio, mara hujui tena kama unaisikia au unaikumbuka. Kisha unasikia watu wanaongea uwanjani, na mtu anaburuta toroli. Yako ikikupa hiyo, basi wamefanya kazi ya kweli.

Nami nina hamu na wewe. Nimeandika mstari huu mara ya kwanza nikaukata, sasa nimeuacha.

Kapteni wako


28 Aprili

Mume wangu,

Nimepaa.

Nilifanya kama ulivyosema, mikono mapajani, macho kwenye mishale, na injini zote mbili zikawaka zikatulia. Mama aliomba dua kwa sauti mpaka magurudumu yakaachana na ardhi, kisha akauliza chai inaletwa saa ngapi. Niliona nyumba za mji wetu zikiwa ndogo. Moyo ulinienda mbio kweli, mwanamke mzima, kwenye chumba cha majora.

Nikasubiri sauti ipungue.

Haikupungua. Nikapanda juu zaidi, nikainama kuelekea kilimani, nikatua, nikapaa tena. Sauti ni ileile, inajaa chumba kama cherehani kumi. Na magurudumu sikuyaona yakikunjwa, nilisikia tu kishindo chini ya miguu. Nikasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kesho yake nikaenda kwa fundi nimejiandaa kugombana. Nikamwambia mume wangu ni rubani, amenipa kipimo, na ndege aliyoniuzia imeshindwa.

Akanisikiliza mpaka mwisho, maskini, kwa adabu zote. Kisha akasema, “Lakini mama, wewe umekaa ndani yake. Itakupungukia vipi?”

Akaenda kwenye kompyuta yake, akaifungua ndege ileile, akabonyeza mahali, na tukawa hatumo tena ndani. Tulikuwa tumesimama chini, kando ya njia ya kurukia. Ndege ikapita mbele yetu. Magurudumu yakakunjwa. Ikainama. Na sauti ikapungua vilevile ulivyoniandikia, nyembamba, nyembamba, mpaka nikawa sijui kama naisikia au naikumbuka. Fundi akafurahi, akasema, “Umeona? Haina kasoro.”

Nimerudi dukani nikakaa mbele ya kitambaa cha watu bila kukikata.

Mume wangu, sauti hiyo naijua. Nimeisikiliza miaka yote uliyokuwa ukirukia kutoka hapa, nimesimama kwenye uzio, mkono bado uko juu na wewe umeshapotea. Hakuna rubani anayeisikia. Ni ya anayebaki. Hata ile ya kuongea kwa watu na toroli kuburutwa, unadhani sijui? Ni vitu vinavyorudi masikioni mwako baada ya mtu wako kuondoka. Na bwana wa misumari nimemsoma upya. Tangu lini kapteni anapima watu kwenye mzani?

Sikusemi. Nakuuliza tu, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Uko chini tangu lini? Na kama uko chini, mbona huko na si hapa?

Mkeo


11 Mei

Mke wangu,

Tangu kabla ya likizo ya kwanza.

Ni jicho la kushoto. Daktari wa marubani alinipima mara tatu siku tofauti, mwisho akafunga faili na kuniita mzee wangu, nikajua. Nasoma barua zako bila miwani, nakuhakikishia, lakini hilo halitoshi kwa mtu mwenye watu nyuma yake. Hawakunitupa. Wamenipa ghala na mzani, na asubuhi mimi ndiye ninayewapungia marubani vijana kwamba njia ni wazi. Kisha nabaki nimesimama. Niliwaomba wenzangu wasikuambie, wakanisitiri.

Nilikwambia uchukue ile nyepesi kwa sababu sikuweza kukuvumilia umekaa kwenye kiti changu, unanifikiria niko pale, na pale sipo. Halafu ukaniuliza habari ya kuwasha injini. Mke wangu, nilipokuwa nakuandikia ile barua mikono ilikuwa inajua kila kitu. Niliwasha zote mbili mezani hapa. Nilisahau kabisa nilipo, na nilipofika kwenye kupaa nikaandika nilichokiona asubuhi hiyo. Hata baada ya kuisoma tena sikuona kosa. Ningelionaje, ndiyo sauti pekee niliyobakiwa nayo.

Mbona sikuja? Mtaa mzima unaniita Kapteni. Muuza magazeti, watoto, mama yangu mwenyewe akiwa na wageni. Wewe uliniona mara ya kwanza nimevaa sare, ukipita na kopo la vifungo, ukavimwaga vyote. Nilijiuliza, nikishuka pale bila ile sare, utamwaga nini? Nikaona bora unikose ukiwa unajivuna kuliko unipate ukiwa unanihurumia. Nimelala na wazo hilo miezi yote hii na sijapata usingizi wa maana.

Kuna mkataba mpya mezani, mwaka mwingine wa ghala. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Kalamu naishika, naiweka. Sijui niseme nini zaidi. Nakupenda, na nimechoka kuwatazama wengine wakiondoka.

Mimi


20 Mei

Mume wangu,

Nimelia, nimekasirika, nimekata kitambaa cha bibi harusi mtarajiwa upande usio wake, sasa nimetulia. Kaa usome.

Unajua kinachoniuma? Si jicho. Nilikuwa nimeisamehe anga. Kila jioni niliyokula peke yangu nilijiambia, basi, amezaliwa kwa ajili ya kule juu, huwezi kumnyang'anya mtu mbawa zake. Nikakugawana na mawingu bila kununa. Kumbe nilikuwa nakukosa kwa ajili ya mzani! Hilo sitakusamehe leo. Utakuja kulikuta hapa, tutaligombania jikoni kama watu.

Mama nimemwambia. Ulitaka nimfiche mpaka lini? Akasema, “Mficha uchi hazai,” akaenda chumbani. Akarudi macho mekundu akauliza swali moja tu: “Lakini sahani yake ataiona?” Nikasema ataiona. Akasema basi.

Vile vifungo nilivimwaga kwa sababu kopo halikuwa na mfuniko. Miaka yote hii umejisifia bure.

Sasa nisikilize. Huruma ninayo, siwezi kuitoa, nitakuhurumia kidogo kila siku kama wewe utakavyonihurumia mgongo wangu. Tumezeeka kidogo, tutafanyaje. Lakini simhitaji mtu wa kunipeleka juu, nimeshakwenda mwenyewe. Namhitaji wa kunishikia ncha ya pili ya kitambaa nikikata. Nashika hii, ile inaanguka. Naikimbilia ile, hii inaanguka. Nimekuwa nikiweka tofali. Tofali, mume wangu! Linachafua vitambaa vya watu.

Kompyuta iko palepale. Kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, nimekiacha wazi. Nahitaji mtu wa kuniangalizia joto wakati mimi natazama njia, maana mama hafai, ananisemesha.

Usisaini.

Mkeo


1 Juni

Mke wangu,

Sikusaini.

Mkubwa wa kituo amenishika mkono akaniuliza nitafanya kazi gani huko. Nikamwambia nimepata nafasi ya tofali. Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Barua hii naitanguliza na ndege ya leo, mimi nafuata na ya Jumamosi. Vijana wamenitengea kiti cha ziada kule mbele, nyuma ya rubani, kwa heshima. Kijana atakayerusha nilimfundisha mimi kuwasha injini. Nilikubali. Nikarudi ghalani, nikafunga makufuli, nikaenda tena kuwaambia hapana, wanipe kiti kama mtu mwingine yeyote. Wakanipima. Nimepungua, mama atasema mengi. Na nikwambie, nilipokuwa juu ya mzani nilitamani nitaje ule wa zamani.

Naogopa, mke wangu. Sijawahi kukaa nyuma. Sijui watu wa nyuma wanafanya nini na mikono yao.

Njoo uwanjani, tafadhali, usimtume mtu. Lakini ndege ikisimama usiangalie madirisha ya mbele kama ulivyozoea, wala usipunge mkono huko. Mimi nitashukia mlango wa nyuma, pamoja na watu.

Mumeo